Kombe Linaonekana, Mtoto Aliyeacha Haonekani

Ukienda kuandikisha mtoto kwenye kituo cha soka, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni vikombe. Vimepangwa mezani au kwenye kabati la kioo, vingine bado vina riboni, na kila kimoja kina kisa chake: hiki cha bonanza la Pasaka, hiki cha Sabasaba, kile kikubwa cha ligi ya vijana ya wilaya. Mwenye kituo atakusimulia fainali moja baada ya nyingine, nani alifunga, penalti ya mwisho ilidakwaje. Ukutani patakuwa na picha ya kikosi kilichotwaa kombe miaka 4 au 5 iliyopita, watoto wengine wamechuchumaa mbele, wengine wamesimama nyuma, medali shingoni.

Mimi huiangalia picha hiyo kwa muda, kisha huuliza: katika hawa, wangapi bado wanacheza? Sina haja ya kujua nani amefika Simba, Yanga au Azam. Nataka kujua nani bado anavaa njumu, iwe kwenye timu ya shule, ya mtaa au ya kanisani. Kwa kawaida mwenye kituo hunyamaza kidogo, halafu huanza kuwanyooshea kidole mmoja mmoja. Huyu alihama. Huyu sijui alipotelea wapi. Huyu alikuwa na kipaji sana, ila alikata tamaa. Huyu yupo Kariakoo anahangaika na biashara, mpira aliacha akiwa kidato cha kwanza.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kumpimia mwalimu wa watoto. Kombe linaonekana, linapigwa picha, linazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi. Mtoto aliyeacha mpira akiwa na miaka 13 haonekani popote. Hakuna anayemwandika, hakuna anayepiga simu nyumbani kuuliza kulikoni, na msimu unaofuata nafasi yake imeshajazwa na mwingine ambaye mzazi wake amelipa ada. Mwalimu anaweza kuwa bingwa wa wilaya misimu mitatu mfululizo huku nyuma yake akiacha kundi zima la watoto wasiotaka tena kuusikia mpira.

Naandika kama mama. Mwanangu ana miaka 12, ni mwembamba, anatumia mguu wa kushoto na anapenda kucheza winga. Mimi mwenyewe shuleni nilikuwa mtu wa netiboli. Lakini Jumamosi nyingi nimezimaliza kando ya viwanja vya upande wa Temeke, juu ya tofali au chini ya mwarobaini, na mtu akikaa pale akawatazama walimu kama anavyoutazama mpira, hujifunza mengi.

Kituo cha kwanza alichojiunga mwanangu kilikuwa na jina kubwa kwa ajili ya vikombe. Watoto walikuwa zaidi ya 40, mipira mitatu au minne, mwalimu mmoja na msaidizi wake. Mazoezi yalianza kwa kukimbia kuzunguka uwanja, yakafuata ya viungo, kisha mstari. Watoto wote wanajipanga nje ya boksi. Wa mbele anampa mwalimu mpira, mwalimu anaurudisha, mtoto anapiga shuti, anakwenda mwisho wa mstari. Mwanangu akishapiga lake, jasho lilikuwa linamkauka kabla zamu yake haijarudi. Waliokuwa nyuma walianza kurushiana mchanga na kuvutana fulana. Mwalimu akiwaona, filimbi inalia, wanapewa pushapu 20. Saa moja na nusu inakwisha, mtoto ameugusa mpira mara chache kuliko anavyougusa kwenye chandimu nyuma ya nyumba, na chandimu haina ada.

Mechi ndizo zilizoniumiza zaidi. Walianza walewale 11, wenye miili na mbio. Beki anabutua mpira mrefu, straika mkubwa anaukimbiza, basi. Dhidi ya watoto wa miaka 11 kwenye uwanja wa mchanga mbinu hiyo inashinda mechi, na kile kituo kilishinda nyingi kweli. Waliobaki walivaa jezi asubuhi na kuzivua saa sita mchana zikiwa safi kama zilivyotoka kwenye begi. Timu ikiwa mbele kwa mabao manne, mwalimu aliwaingiza wawili dakika za mwisho. Kuna siku mwanangu aliingia na filimbi ya mwisho ikapulizwa kabla hajaugusa mpira hata mara moja. Njiani kurudi nyumbani alikaa dirishani kwenye daladala na hakuzungumza mpaka tulipofika.

Nilimfuata mwalimu, kwa heshima, nikamuuliza mtoto aongeze nini. Akanijibu, "Mama, huyu bado mdogo. Ale ugali, mwakani tutamwona."

Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana nimelifikiria sana. Mwanangu amezaliwa Novemba. Mashindano ya vijana hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na mwaka unaanzia Januari 1. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba wanahesabiwa rika moja, ingawa mmoja amemtangulia mwenzake kwa karibu miezi 12. Watu wa miaka 30 wakipishana hivyo, hakuna atakayejua. Kwa mtoto wa miaka 10 huo ni muda mrefu mno: ni kimo, ni kilo, ni kasi, ni uwezo wa kusukumwa bila kuanguka. Profesa Werner Helsen wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, pamoja na wenzake, wamelichunguza jambo hili katika timu za vijana za Ulaya, na wanachokikuta kinajirudia nchi baada ya nchi. Vikosi vimejaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Wa miezi ya mwisho ni wachache. Mungu hagawi vipaji Januari hadi Machi. Walimu wanachagua ukubwa wakiamini wamechagua kipaji, halafu waliochaguliwa wanafundishwa zaidi na kucheza zaidi, mpaka pengo lililokuwa la umri linakuwa pengo la uwezo. Yule mdogo aliyeambiwa ale ugali, mwakani anapokuwa amekua, hayupo tena. Ameshaacha.

Mbwana Samatta alizaliwa Desemba 1992. Kwa mpangilio huo, mtoto huyu wa Mbagala alikuwa kati ya wadogo kabisa wa rika lake. Alipita African Lyon, akaenda Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015 na kutangazwa mchezaji bora wa mwaka huo kwa wanaocheza ndani ya bara. Genk walimchukua Januari 2016, akiwa na miaka 23. Siku alipofunga Wembley kwenye fainali ya Carabao Cup, Machi 2020, akiwa na jezi ya Aston Villa, alikuwa na miaka 27. Safari yote hiyo ilihitaji kwanza kwamba akiwa na miaka 11, 12, 13, awe bado anaupenda mpira na awe na mahali pa kuuchezea.

Genk ni Ubelgiji, na Wabelgiji nao walilazimika kujiuliza kuhusu watoto wao. Mwaka 2000 waliandaa Euro pamoja na Uholanzi, wakatolewa hatua ya makundi mbele ya mashabiki wao. Shirikisho lao la soka, ambalo Michel Sablon alikuja kuwa mkurugenzi wake wa ufundi, liliamua kuanzia chini kabisa. Chuo Kikuu cha Leuven kilirekodi mechi za watoto kwa video na kuzichambua. Kilichoonekana ni kwamba kushinda kulikuwa kumetangulizwa mno, na kwamba wadogo walikuwa wakimaliza mechi karibu bila kuugusa mpira, kwa sababu uwanja ni mkubwa na wachezaji ni wengi. Wakapanga upya: wadogo kabisa wacheze wawili kwa wawili, wakikua watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane, na 11 kwa 11 isubiri. Wakafuta msimamo wa ligi kwa watoto wa chini ya miaka 7 na 8. Mwalimu hakuwa tena na jedwali la kulilinda, akabaki na watoto wa kuwafundisha. Novemba 2015 Ubelgiji, nchi ya watu wapatao milioni 11, ilikaa namba 1 kwenye orodha ya FIFA, na mwaka 2018 ikawa ya tatu kwenye Kombe la Dunia.

Mtu atasema Ubelgiji wana fedha. Ni kweli, wanazo. Lakini kugawa uwanja hakuhitaji fedha. Nimeliona jambo hilo likifanyika kwenye mchanga uleule wa Temeke.

Mwalimu mwenye daftari

Kituo alichopo mwanangu sasa hakina kabati. Kina mwalimu kijana, ambaye siku za wiki anafundisha shule ya msingi, na mwenzake mmoja aliyewahi kucheza daraja la kwanza kabla ya kuumia goti. Koni zao nyingi ni chupa za maji zilizojazwa mchanga. Watoto wakifika, uwanja umeshagawanywa vipande vinne. Magoli ni ndala mbili mbili. Wanacheza wanne kwa wanne, dakika chache, wanabadilishana uwanja, wanaanza tena na wapinzani wengine. Hakuna mstari. Kwa walio na miaka 12 kwenda chini wanatumia mpira namba 4, maana namba 5 kwa mguu wa mtoto ni mzito na mkubwa, na mtoto anayehangaika na uzito wa mpira hana nafasi ya kujifunza kuutuliza.

Siku moja nilikuwa karibu wakati mwalimu aliposimamisha mchezo. Mwanangu alikuwa amejaribu kumpiga chenga beki pembeni, akapokonywa, wenzake wakafungwa. Nilitegemea afokewe. Mwalimu akamsogelea na kumuuliza, "Ulikuwa umeona nini?" Mtoto akajibu kwamba aliona yule beki amesimama vibaya, mguu mmoja uko mbele sana. "Sawasawa, hata mimi niliona. Na nyuma yako alikuwepo nani?" Mtoto akageuka, akamwona mwenzake aliyekuwa peke yake. "Basi ukiwa umeviona vyote viwili, uamuzi ni wako." Filimbi, mpira ukaendelea. Hakumwamuru atoe pasi wala hakumkataza chenga. Mazoezi yaliyofuata mwanangu alikuwa anageuza shingo kuangalia nyuma kabla hata mpira haujamfikia, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumfokea akakifanya.

Mwalimu huyu ana daftari la kaunta, lile la jalada gumu. Ndani yake kuna jina la kila mtoto, tarehe ya kuzaliwa, shule, namba ya simu ya mzazi na mahudhurio. Mtoto akikosa wiki nzima, mzazi anapigiwa simu. Wakati mwingine sababu ni nauli. Wakati mwingine ni mtihani. Mara nyingine mtoto ameaga nyumbani kwamba anakwenda mazoezini na hajafika, na mama anashukuru kujua mapema. Kwangu mimi daftari lile lina thamani kuliko kabati zima la vikombe, kwa sababu ndani yake mtoto anayeondoka anaonekana anaondoka.

Kuna mambo ya mwili pia, na haya wazazi tuyafuatilie kwa ukali. Watoto wa miaka 11 hadi 14 wanakua kwa kasi, na mifupa yao inauma pale inapokua: chini kidogo ya kofia ya goti, au kisiginoni. Ni maumivu ya kweli, madaktari wanayafahamu vizuri, na dawa yake kubwa ni kupunguza mazoezi mpaka yatulie. Kule tulikotoka, mtoto aliyechechemea aliambiwa aache uvivu. Nilishuhudia pia watoto wakinyimwa maji jua la saa tano kwa kosa la kuchelewa, na fimbo ikitembea kwenye mapaja kwa kosa la kukosa penalti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili na adhabu za kumdhalilisha, na hakuna mahali inaposema ulinzi huo unaishia kwenye mstari wa chaki. Mzazi anayeona fimbo uwanjani akanyamaza kwa sababu timu inaongoza, anairuhusu iendelee.

Nani ananunua ushindi

Hata hivyo, walimu wasibebeshwe mzigo huu peke yao. Wengi wanaofundisha watoto mitaani wanajitolea, au wanalipwa nauli na chai. Asubuhi anaendesha bodaboda, usiku analinda ghala, jioni yuko uwanjani na filimbi. Leseni D ya CAF, ngazi ya kuanzia, ina kozi na gharama zake, na wengi wanajilipia mfukoni. Kituo kikitwaa bonanza, wazazi wapya wanakuja wenyewe. Kikifungwa, wanahama. Na mwalimu anayetaka kupanda, siku moja aitwe kufundisha vijana wa klabu kubwa, anajua ataulizwa ameshinda nini. Hakuna atakayemuuliza watoto wangapi aliwafundisha kutumia mguu dhaifu.

Kwa hiyo anayenunua ushindi ni mzazi. Mwalimu akiamua kuwachezesha wote, akafungwa mabao matatu, Jumatatu simu zinaanza kuingia. Kando ya uwanja ndiyo usiseme. Kina baba, na kina mama pia, wanapiga kelele "piga mbele, piga!" kwa mtoto ambaye mwalimu amekuwa akimfundisha kwa miezi atulie na mpira. Mtoto anasikia sauti mbili, ya mwalimu na ya baba yake, na kwa kuwa atalala nyumba moja na baba, anapiga mbele.

Kuna baba mmoja alikuwa akimwahidi mwanawe shilingi elfu tano kwa kila bao. Kijana alikuwa mzuri kweli, mwepesi, ana shuti. Tangu ahadi ile ianze hakutoa tena pasi. Alipiga kutoka kila pembe, hata pale ambapo mwenzake alikuwa peke yake mbele ya goli tupu, na wenzake nao wakaanza kutompa mpira. Baada ya mechi mwalimu alimvuta baba pembeni, mbali na mtoto, wakazungumza muda mrefu. Sijui waliambizana nini. Ninachojua ni kwamba ahadi ilikoma, na iliwachukua watoto wale karibu muhula mzima wa shule kuanza kumwamini tena kijana yule na kumpa mpira.

Ushindi ukishakuwa ndiyo bidhaa, vijeba hawakosi. Umeandikishwa mashindano ya chini ya miaka 13, mnafika uwanjani mnakuta beki wa upande wa pili sauti imeshavunjika na ndevu zinaanza. Mtoto wako wa kilo 35 anaambiwa akamkabe. Taifa letu linalijua deni la jambo hili: Serengeti Boys walikuwa wameshafuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 za mwaka 2005 nchini Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Vijana waliokuwa na umri halali nao wakabaki nyumbani. Mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la vijana nchini Nigeria, FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, ambacho huonyesha kama mfupa umemaliza kukua, na tangu hapo ngazi za juu zimekuwa ngumu kudanganya. Kwenye bonanza la Jumapili hakuna MRI. Kuna cheti cha kuzaliwa kilichopatikana wiki iliyopita na mwalimu anayeapa.

Ninapowafikiria vijeba, simchukii yule kijana mwenyewe. Mtu mzima anayemheshimu amemfundisha kusema uongo kuhusu jina lake na mwaka wake, na amemweka acheze na watoto ambao hawezi kujifunza chochote kwao. Anashinda kwa nguvu mpaka siku atakapokutana na wa umri wake, na siku hiyo anagundua kwamba hakuwahi kufundishwa kucheza. Naye anaacha. Wamo wengi kama yeye kwenye zile picha za ukutani.

Nairobi kuna mfano ninaoupenda. Mathare Youth Sports Association, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Bob Munro kwenye mtaa wa Mathare, iliweka utaratibu kwamba timu ya watoto inapata pointi kwa kusafisha mtaa: kuzibua mitaro, kuzoa taka. Pointi hizo zinaingia kwenye msimamo wa ligi pamoja na za uwanjani. Mtoto ambaye si hodari wa chenga anajua kwamba sepetu lake linaipandisha timu yake. Na hawakupoteza mpira kwa kufanya hivyo: Mathare United, timu iliyotokana na kazi hiyo, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Hapa kwetu, wasichana ndio wanaonionyesha kinachowezekana watoto wakipewa mwalimu na muda. Oktoba 2022, Serengeti Girls chini ya Bakari Shime walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, ikiwa mara ya kwanza kwa timu yoyote ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la FIFA la soka la uwanjani. Walifungwa 4-0 na Japani mechi ya kwanza. Timu nyingine ingesambaratika. Wao wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, ambako Colombia iliwatoa. Kwenye kituo cha mwanangu kuna wasichana wanaofanya mazoezi pamoja na wavulana, na hakuna anayewaweka golini ili tu wawe wamewekwa mahali. Mmoja wao ndiye kiungo bora wa rika lile. Mama yake ananiambia vituo viwili vilimkataa kabla ya hapa.

Jambo jingine ambalo mzazi asilipuuze ni karatasi. Vituo vingine vinamletea mzazi fomu ya kusaini inayosema kituo "kinammiliki" mchezaji, au kina asilimia fulani ya mauzo yake ya baadaye. Msisaini kitu ambacho hamjakisoma mbele ya mtu anayeelewa sheria. FIFA ilipiga marufuku umiliki wa mchezaji kwa watu wa tatu kuanzia Mei 1, 2015. Mwalimu na klabu halali wana haki yao, na inalindwa bila kumfunga mtoto: kanuni za FIFA zinatoa fidia ya mafunzo kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu mwaka anaotimiza miaka 12, na zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawanywe kwa klabu zilizomfundisha kati ya miaka 12 na 23. Klabu ikisajiliwa vizuri na ikatunza kumbukumbu, fedha hiyo inaifuata. Na mtu akikujia na habari za majaribio ya Ulaya au Uarabuni kwa mtoto wa miaka 14, akitaka utangulize hela ya viza, kumbuka kwamba kanuni hizohizo zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, kama wazazi wenyewe kuhamia nchi hiyo kwa mambo yasiyohusu mpira.

Mwanzoni mwa muhula huu wazazi wa kituo chetu tulikaa kikao kwenye darasa la shule ya jirani. Mwalimu alikuja na pendekezo: kwenye mechi za chini ya miaka 13, mchezo ugawanywe robo nne, na kila mtoto aliyevaa jezi acheze zisizopungua mbili. Wazazi wasipige kelele za maelekezo, kushangilia ruksa. Namba zibadilishwe, beki wa leo awe winga wiki ijayo, ili mtoto asifungwe mahali pamoja kabla mwili wake haujaamua atakuwa nani.

Mabishano yalikuwa makali. Baba wa straika wetu alisema mwanawe ana kipaji na anacheleweshwa kwa ajili ya watoto wanaokuja kujifurahisha. Mama mmoja akamjibu kwamba nao wamelipa ada ileile. Mzee mmoja, babu aliyekuja kwa niaba ya wazazi wa mjukuu wake, aliuliza kama timu itakayofungwa kila wiki itabaki na watoto. Lilikuwa swali zuri, na mwalimu alilijibu kwa kufungua daftari na kusoma: msimu uliopita, kikosi kilipokuwa kinacheza kwa kushinda tu, ni nani walioondoka na waliondoka mwezi gani. Karibu wote walikuwa wa benchi. Hakuna aliyeondoka kwa sababu timu ilifungwa.

Pendekezo lilipita, ingawa baba wa straika bado anasema atasubiri aone. Jumamosi hii tunacheza na kituo chenye vikombe vingi kuliko vyote upande wetu wa mji, na wao hawautaki utaratibu wa robo. Watapanga 11 wao na kumaliza nao. Mwalimu ameshatuma kikosi kwenye kundi la wazazi: majina 20, robo zao mbele ya kila jina. Mwanangu anaanza robo ya kwanza, beki wa kulia, nafasi ambayo hajawahi kucheza.